Kutumia hadithi katika unasihi wa wanafunzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa walimu wa malezi na unasihi, matroni na mapatroni wa mabweni, na yeyote shuleni ambaye wanafunzi humfuata na shida zao. Majibu yametokana na kazi ya shule za sekondari za Tanzania. Wenzetu wa Kenya, mnaoiita kazi hii ushauri nasaha, mtakuta mengi yanafanana. Mifano ya wanafunzi imeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia shuleni. Hakuna inayoeleza habari za mtoto mmoja halisi.

Kwa nini nizunguke na hadithi wakati naweza kumwambia mwanafunzi ukweli?

Kwa sababu mwanafunzi wa kwetu akiitwa na mwalimu anajua tayari anachotakiwa kujibu. Atakuamkia, ataweka mikono nyuma, ataangalia sakafu, na kila utakachosema atakijibu "ndiyo mwalimu". Ukimuuliza kama ameelewa, ameelewa. Ukimuuliza kama atarudia, hatarudia. Dakika kumi zinakwisha, anapata ruhusa ya kuondoka, na jambo lililomleta liko pale pale. Wala hakudanganyi kwa makusudi. Ndivyo alivyolelewa kukaa mbele ya mkubwa.

Hadithi inamtoa kwenye kiti cha mshtakiwa. Anayezungumziwa sasa ni Abunuwasi, au fisi, au papa, na juu ya hao mtoto ana maoni yake. Anaweza hata kumbishia mwalimu bila kuonekana hana adabu. Akiwa katikati ya ubishi kuhusu fisi, anatamka mambo yanayomhusu yeye ambayo asingeyatamka ukimkazia macho na kumuuliza.

Mbinu hii ni ya kale kuliko taaluma yenyewe. Nabii Nathani alipomwendea Mfalme Daudi hakuanza na kosa la mfalme. Alianza na tajiri mwenye kondoo tele aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira na kumhukumu yule tajiri kabla hajajua kwamba amejihukumu mwenyewe. Katika karne ya 20 daktari wa akili wa Marekani, Milton Erickson, aliyefariki mwaka 1980, alipata umaarufu kwa kuwasimulia wagonjwa wake visa vidogo vidogo pale ambapo wenzake wangetoa maelekezo. Bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo kando ya moto bila kumsubiri Nathani wala Erickson.

Nichague hadithi gani?

Ile ambayo mwanafunzi anaijua tayari. Hadithi mpya inampa kazi ya kufuata matukio: nani kafanya nini, halafu ikawaje. Hadithi anayoijua haina kazi hiyo, kwa hiyo unaweza kumpeleka moja kwa moja kwenye kipande kimoja mkakaa hapo. "Pale katikati ya bahari, papa alipomwambia kima ukweli, unadhani kwa nini alimwambia?" Swali la namna hii halina uzito kwa mtu aliyeisikia hadithi dakika mbili zilizopita. Kwa mtu aliyeisikia tangu akiwa na miaka mitano, lina uzito.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza. Kwenu mlikuwa mnasimuliwa nini? Nani alikuwa anasimulia? Mtoto aliyekulia Mbulu, aliyekulia Sengerema na aliyekulia Tandale hawakumsikia sungura yule yule. Akikwambia kwao kobe alishinda mbio kwa kuwapanga ndugu zake njiani, na wewe unajua kwamba alishinda kwa kutembea taratibu bila kupumzika, chukua ya kwao. Hilo la ndugu waliopangwa njiani linaweza kuwa ndilo unalolihitaji.

Zinazojulikana karibu kila mahali ni sufuria ya Abunuwasi iliyozaa, fisi wa njia panda, kima na papa, sungura na kobe, na kwa watu wa pwani, Fumo Liongo aliyeuawa na mtoto wake mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Kima na papa imo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliofanywa na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870, ila huhitaji kitabu. Waulize wapishi wa shule na mlinzi wa getini. Hao ndio maktaba.

Nipe mfano wa mazungumzo yenyewe.

Kijana wa kidato cha tatu, anasoma kutwa. Mama yake anauza dagaa sokoni. Alimpa pesa ya chakula cha shuleni, na pesa haikufika. Mwalimu wa darasa ameshajua kwamba kijana alibeti kwa simu ya kaka yake, maana mwenyewe hajafikisha miaka 18 inayotakiwa kisheria. Ametumwa kwako.

— Shikamoo mwalimu.

— Marahaba. Kaa. Unamjua Abunuwasi?

Kijana anakuangalia kama hakusikia vizuri.

— Namjua.

— Ile ya sufuria unaikumbuka?

— Iliyozaa.

— Hebu nikumbushe, mimi vipande vingine vimenitoka.

Anasimulia. Abunuwasi aliazima sufuria kubwa kwa jirani, akairudisha na sufuria ndogo ndani yake, akasema imezaa. Jirani akafurahi, akapokea zote mbili. Mara nyingine Abunuwasi akaiazima tena, safari hii hakurudisha. Jirani alipofuata, akaambiwa sufuria imefariki. Wakapelekana kwa kadhi, na jirani akashindwa, kwa kuwa aliyekubali sufuria kuzaa hana hoja ya kukataa kwamba imekufa.

— Yule jirani, siku ya kwanza alipoletewa sufuria mbili, alikuwa hajui kwamba sufuria haizai?

— Alikuwa anajua.

— Sasa mbona alipokea?

— Si amepewa bure, mwalimu.

— Angekuwa rafiki yako, siku hiyo ungemwambia nini?

— Asingenisikia.

— Kwa nini?

— Mtu akishapata ya kwanza hasikii.

Hapo mwalimu ananyamaza. Kunyamaza huku ni kugumu kuliko kusimulia, kwa sababu sentensi tamu ya kumalizia imeshafika mdomoni. Imeze. Baada ya muda kijana anasema, akiangalia dirishani: "Mimi ya kwanza nilipata elfu kumi na nane."

Kuanzia sentensi hiyo Abunuwasi ameondoka chumbani. Sasa ni mazungumzo ya kawaida, ya waziwazi: ilianza lini, unadaiwa na nani, kaka anajua, mama tutamwambiaje na nani ataanza kusema. Hadithi ilichukua dakika tano. Usiirudishe isipokuwa yeye airudishe. Siku nyingine atakuja acheke mwenyewe aseme, "Mwalimu, sufuria ilitaka kuzaa tena jana," na hapo mtakuwa na lugha yenu wawili.

Angalia ambacho mwalimu hakukifanya. Hakusimulia yeye. Hakutaja mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wala kubeti kwenyewe. Hakusema "wewe ndiye yule jirani". Na hakuuliza hadithi inafundisha nini, kwa sababu hilo ni swali la mtihani wa Kiswahili, na mwanafunzi atalijibu kimtihani: inatufundisha tusiwe na tamaa. Alama mbili, basi.

Lakini Nathani alimwambia Daudi kwamba mtu huyo ni wewe. Kwa nini mimi nisiseme?

Nathani alikuwa chini, mfalme juu. Alihitaji ujasiri kuyasema yale, na ujasiri huo ndio ulioyapa nguvu. Wewe uko juu tayari. Una kiti, una meza, una faili, na pengine kuna fimbo kabatini hata kama huigusi. Ukitamka "huyo ni wewe", mwanafunzi anasikia hukumu, na hadithi yote inageuka kuwa mtego uliomtegea taratibu. Hatakuamini tena ukianza na hapo zamani za kale.

Mwache ajipate mwenyewe. Asipojipata leo, hadithi haiozi; ataondoka nayo.

Mwanafunzi amefeli. Nimsimulie habari za John Stephen Akhwari?

Swali hili linakuja kila matokeo yanapotoka, na nalijibu kwa kirefu kwa sababu kisa cha Akhwari ndicho tunachokitumia kuliko vyote na ndicho tunachokitumia vibaya kuliko vyote.

Kila Mtanzania anakijua. Oktoba 1968, marathoni ya Olimpiki mjini Mexico. Akhwari wa Mbulu akaanguka njiani, goti likaumia vibaya. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishamaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari akaingia uwanjani kwa saa 3 na dakika 25, watazamaji wachache tu wamebaki, akachechemea hadi mstarini. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma azimalize.

Kwa kijana anayetaka kuacha shule mwezi mmoja kabla ya mtihani kwa sababu anaona hatapata divisheni nzuri, kisa hiki kinaingia vizuri. Kumaliza kuna thamani yake. Ila mtihani ukishapita na matokeo yako mkononi, mbio hizo zimekwisha. Kumwambia aliyepata sifuri "usikate tamaa, kumbuka Akhwari" ni kumwambia aendelee kukimbia pale ambapo hakuna tena njia. Anachohitaji kujua ni mbio zinazofuata ni zipi: kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, chuo cha ufundi, au kazi kwanza.

Huyo mpe Eliud Kipchoge, tena kipande kisichosimuliwa sana. Mwaka 2003 Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 akiwa kijana mdogo. Mwaka 2012 alishindwa kufuzu timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mbio za uwanjani zikawa zimemkatalia. Mwaka uliofuata akahamia marathoni, akashinda Hamburg kwenye marathoni yake ya kwanza, na baadaye akachukua dhahabu mbili za Olimpiki. Muulize mwanafunzi kuhusu mwaka 2012 pekee: unadhani alilala vipi siku aliyokosa timu? Nani alimpigia simu? Alianza kufikiria barabara lini? Usikimbilie Vienna, alikokimbia umbali wa marathoni kwa saa moja na dakika 59. Aliyefeli jana hawezi kujiona kwenye ushindi mkubwa hivyo, lakini kwenye kulala bila usingizi anajiona.

Akhwari mwenyewe ana kipande kama hicho. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikimbia marathoni na kushika nafasi ya tano. Wengi wanamjua kama mtu aliyefika wa mwisho tu. Mwanafunzi anayeitwa "yule aliyefeli" mtaani kwao atapenda kujua kwamba mtu hugandishwa kwenye siku moja na watu wengine, huku yeye mwenyewe akiendelea na maisha.

Na kuna mahali ambapo Akhwari hatakiwi kabisa. Msichana anayerudi nyumbani kila jioni kwenye kipigo, mvulana anayefanyishwa kazi usiku kucha na ndugu anayeishi naye: hao usiwaambie habari ya kuvumilia hadi mwisho. Wameshavumilia vya kutosha, na hadithi hiyo kutoka kwa mwalimu itawafunga mdomo.

Fisi wa njia panda anafaa kwa mwanafunzi asiyejua achague tahasusi gani?

Anafaa kwa tahadhari. Tahasusi za kidato cha tano, yaani michanganyiko ya masomo ya kuchagua, zilipoongezwa mwaka 2024 kutoka 16 hadi 65, kuchanganyikiwa nako kuliongezeka, na walimu wengi wamemrudia fisi aliyesikia harufu ya nyama njia mbili, akapeleka mguu huku na mguu huku mpaka akapasuka msamba. Tatizo ni kwamba fisi huyu ni mlafi na anachekwa. Msichana ambaye baba anataka sayansi na yeye anapenda historia na lugha hana ulafi wowote. Amevutwa na watu wawili anaowaheshimu, mmoja wao akiwa yeye mwenyewe.

Nimeona swali moja likimgeuza fisi akawa na faida: "Katika hizo njia mbili, nyama iliyokuwa inanukia ilikuwa ya nani?" Msichana akifikiri kidogo atakwambia kwamba upande mmoja nyama ni ya baba. Hapo umeshajua ni nani mwingine wa kuitwa kwenye mazungumzo.

Mwanafunzi akijiweka kwenye upande ambao sikuutarajia?

Furahi, maana ndipo hadithi imeanza kufanya kazi.

Chukua kima na papa. Kima anakaa kwenye mkuyu uliotandaza matawi juu ya bahari, kila siku anamtupia papa matunda, wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa kilindini anamwambia kwamba sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu upesi kwamba moyo wake ameuacha mtini, warudi wakauchukue. Wakafika, akapanda juu, hakushuka.

Mwalimu anamsimulisha kijana wa bweni aliyekamatwa akimtuma mtoto wa kidato cha kwanza kuiba sukari na sabuni za wenzake. Mwalimu anatarajia kijana amwonee huruma kima, yaani yule mdogo. Badala yake kijana anasema:

— Papa naye ametumwa, mwalimu.

— Ametumwa na nani?

— Si sultani. Angerudi mikono mitupu angeliwa yeye.

Mwalimu aliyeshikilia funzo lake angemrudisha kwenye mstari: hapana, tazama alivyomsaliti rafiki yake. Mwalimu anayesikiliza anauliza, "Huyo sultani anakaa wapi?" Na ndivyo inavyojulikana kwamba kuna wakubwa wa kidato cha nne wanaokusanya vitu bweni zima, na kijana huyu yuko katikati, anaogopwa chini na kupigwa juu. Adhabu ya kijana kwa kumtumia mdogo bado ipo, nayo ni ya haki. Lakini bila lile neno lake kuhusu papa, shule ingeadhibu mgongo uliobeba na kumwacha sultani.

Pia zingatia pale papa alipomwambia kima ukweli kilindini, wakati angeweza kunyamaza hadi mwisho. Wanafunzi wengi hukaa hapo muda mrefu. Wengine husema alikuwa mjinga, wengine husema alimpenda. Yote mawili yanakueleza habari za anayesema.

Ni wakati gani sitakiwi kutumia hadithi hata kidogo?

Ukiwa na shaka kwamba mtoto anafanyiwa ukatili, anabakwa, anapigwa hadi kuumia, au anafikiria kujiua. Hapo uliza waziwazi kwa maneno ya kawaida: "Kuna mtu anakugusa?" "Umefikiria kujidhuru?" "Ni nani?" Kuuliza kuhusu kujiua hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani, kunampa mlango. Hadithi katika hali hiyo ni mahali pa kujificha, na anayejificha mara nyingi ni mwalimu.

Kisha usibaki na jambo peke yako. Mkuu wa shule, afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka tutoe taarifa. Simu ya bure kwa watoto ni 116, Tanzania na hata Kenya, na mwanafunzi aijue namba hiyo kabla hajaihitaji. Usimuahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Mwambie mapema: kuna mambo nikiyasikia lazima nimwambie mtu wa kukusaidia.

Kuwa mwangalifu pia na sungura mjanja mbele ya mtoto aliyeumizwa. Sungura hutoroka kila mara kwa akili yake. Mtoto ambaye hakutoroka atajiuliza yeye akili yake ilikuwa wapi.

Naweza kutumia visa vya dini?

Unaweza, kama mwanafunzi ndiye aliyevileta au unajua vinamkaa moyoni. Kisa cha Nabii Yusuf ni hazina kwa mtoto aliyetengwa na ndugu zake, na kinajulikana msikitini na kanisani. Mtoto wa mama wa kambo, mtoto aliyeachwa kwa shangazi, wote watakuwa na la kusema kuhusu kisima alimotupwa na ndugu zake. Ila kaa na kisima. Tukimkimbiza Yusuf hadi kwenye ufalme wa Misri na kumaliza kwa kusamehe, tunamlazimisha mtoto asamehe leo, na hilo si juu yetu.

Usichukue kisa cha dini ambayo si ya mwanafunzi ukampa kama funzo. Atasikia anabadilishwa dini, na mzazi atasikia hivyo hivyo.

Wanafunzi wa siku hizi hawajui hadithi za bibi. Nifanyeje?

Wanajua hadithi nyingine. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, akaenda Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mvulana anayetaka kutoka Mbagala kwenda Ulaya kesho asubuhi anakijua kisa hiki kwa majina ya makocha na mabao. Muulize tu kuhusu Lubumbashi: alikaa huko miaka mingapi, na alikuwa anafanya nini huko wakati hapa wengi walishaacha kumfuatilia? Miaka ile ya Lubumbashi ndiyo mazungumzo yenyewe.

Katuni, tamthilia, wimbo unaopigwa kila daladala, vyote vinafaa. Kigezo kinabaki kile kile: awe anaijua kuliko wewe. Ukiwa hujui, hata bora zaidi, maana atakusimulia, na akisimulia anachagua cha kukazia.

Naweza kusimulia darasani au mstarini?

Darasani ndiyo, kwa mambo ya jumla, kama msimu wa mitihani au vijana wanapoanza kugawanyika makundi. Chagua hadithi ambayo mhusika wake hawezi kugeuka jina la utani. Ukisimulia fisi asubuhi, hadi saa nne kuna mtoto anaitwa Fisi.

Mstarini kamwe usisimulie hadithi inayofanana na jambo uliloambiwa chumbani wiki hiyo. Hata ukibadilisha majina, hata ukiweka wanyama. Shule nzima inajua nani aliitwa ofisini Jumanne. Yule mtoto atasimama pale juani akisikia siri yake ikisomwa kwa sauti ya sungura na swala, na hatarudi kwako tena, wala rafiki zake hawatakuja.

Mwanafunzi amefiwa na wazazi na hasemi kitu.

Usimchokonoe. Kuna njia nzuri iliyozaliwa Afrika. Mwanasaikolojia wa Zimbabwe, Ncazelo Ncube, akifanya kazi na watoto waliofiwa na wazazi kwa sababu ya UKIMWI, aliona kwamba kuwataka watoto wasimulie misiba yao kuliweza kuwaumiza upya, kama hawana kwanza mahali imara pa kusimama. Katikati ya miaka ya 2000, yeye na David Denborough wa Australia walitengeneza zoezi linalojulikana kama Mti wa Uzima.

Mtoto anachora mti. Mizizi ni alikotoka: kijiji, ukoo, nyimbo, waliomfundisha. Ardhi ni anapoishi na anayoyafanya kila siku. Shina ni anavyoweza kuvifanya, hata kusuka mkeka au kutania watu wakacheka. Matawi ni matumaini yake. Majani ni watu muhimu kwake, walio hai na waliokufa. Matunda ni alivyopewa na watu. Baadaye miti ya watoto inabandikwa pamoja ikawa msitu, na hapo tu ndipo yanazungumzwa madhoruba: msitu ukipigwa na dhoruba, miti hushikaje?

Unahitaji karatasi, penseli na saa mbili zisizo na kengele. Mtoto ambaye hajatamka neno "baba" muhula mzima huandika jina lake kwenye jani. Usimuulize zaidi siku hiyo. Muulize kuhusu nyimbo za kwenye mizizi.

Hadithi za sungura hazifundishi udanganyifu?

Mtoto anajua sungura ni sungura. Ujanja wake ni wa mdogo mbele ya mkubwa mwenye meno, na mwanafunzi dhaifu anahitaji kujua kwamba mdogo naye ana njia. Akianza kumtumia sungura kutetea kibomu cha mtihani, yaani karatasi ya majibu aliyoificha, muulize katika chumba cha mtihani simba ni nani. Atafikiri.

Mimi si msimulizi mzuri.

Vizuri. Mwanafunzi ndiye anayesimulia.

Niandike nini kwenye faili?

Usiandike "nimemsimulia hadithi ya Abunuwasi", kwa sababu atakayelishika faili baada yako hatapata chochote hapo. Andika maneno ya mwanafunzi yalivyotoka: "Mtu akishapata ya kwanza hasikii." "Papa naye ametumwa." Andika tarehe, mlichokubaliana, nani atafuatiliwa na lini mtaonana tena. Kama ametaja mtu anayemuumiza, hiyo haingojei faili; toa taarifa siku hiyo hiyo, kisha uandike saa uliyotoa na uliyempa. Faili likae kwenye kabati linalofungwa kwa ufunguo, na ufunguo usining'inizwe ukutani chumba cha walimu.